Wekundu Ule Haukuwa Mfupa

Picha ile bado ninayo kwenye simu. Ni sahani ya plastiki yenye visima sita: vitatu vya juu vimefifia kama juisi ya rosela iliyochujwa mara ya pili, vitatu vya chini vimekolea rangi ya damu ya mzee. Niliipiga Februari 2024, saa tatu usiku, mikono ikinitetemeka. Nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo na kuandika chini yake: "Bibi atatembea, inshallah. Madini yanafanya kazi."

Maneno sita tu. Yalimgharimu shangazi yangu fedha za mtaji, yakamrudisha bibi hospitalini, na yakanitia aibu ambayo hadi leo nikiikumbuka nasimamisha ninachofanya. Naandika kwa ajili ya mwanafunzi wa shahada ya kwanza atakayeingia maabara ya seli kwa mara ya kwanza, hasa yule wa huku kwetu kusini, ambaye nyumbani wameuza korosho ili asome na sasa wanasubiri majibu.

Bibi alianguka Oktoba 2023, msimu wa korosho ukiwa ndiyo kwanza umechangamka. Wala hakuwa shambani. Aliteleza hapo hapo nyumbani Mikindani, Mtwara, kwenye kizingiti anachokivuka tangu alipoolewa, na nyonga ikavunjika. Nilikuwa nafungasha mizigo kurudi chuoni Dar es Salaam kuanza mwaka wa mwisho. Nikaahirisha safari, nikakaa naye wodini siku nne. Daktari alituelekeza kwa utulivu: ndani ya mfupa kuna seli zinazojenga na seli zinazobomoa, kazi hiyo haikomi maisha yote, na mwanamke akishakoma hedhi wabomoaji huwazidi wajenzi kwa kasi. Shangazi, ambaye anakaanga samaki pale Feri, akauliza: "Sasa daktari, hao wajenzi hawawezi kuongezewa saruji?"

Pendekezo langu la utafiti lilikuwa swali hilo hilo la shangazi, nimelivalisha suti tu. Nilitaka kujua kama seli wajenzi, osteoblasti, zikishazeeka halafu zikaongezewa kalsiamu zinaweza kurudi kuweka madini. Msimamizi wangu alilisoma akaniuliza kitu kimoja: "Seli za nani?" Nikamjibu, za wazee waliovunjika nyonga, kama bibi. Akatabasamu kwa huruma. Kupata mfupa wa binadamu kunahitaji kibali cha maadili, makubaliano na hospitali, ridhaa ya kila mgonjwa, na miezi ambayo mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hana. Kabla hujaandika hata mstari mmoja wa pendekezo, nenda ukaulize ndani ya tangi la naitrojeni ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, mna seli gani. Utafiti wako utaanzia hapo.

Kwetu mlikuwa na za aina tatu. Mbili, MG-63 na Saos-2, zilitokana na saratani ya mfupa ya binadamu. Moyo wangu uliziendea hizo kwa sababu ni za watu. Dokta, msimamizi wangu, akanizuia. Tangu 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead walipoonyesha kwamba seli za kawaida za binadamu hugawanyika mara 40 hadi 60 hivi kisha zikasimama, tunajua kwamba seli nazo zina uzee wao. Seli ya saratani imeitoroka njia hiyo. Ukiuliza swali la uzee kwa kiumbe aliyekataa kuzeeka, jibu lake utalifanyia nini? Nikabaki na za tatu, MC3T3-E1, ambazo wanasayansi wa Japani walizitoa kwenye fuvu la panya mchanga mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ni seli zinazokua kuwa wajenzi, si za saratani. Ukizipa vitamini C na fosfati kidogo, zinaweka madini kwa macho yako.

Mwezi wa kwanza ulipita bila hata jaribio moja. Nilikuwa najifunza kulisha seli, kuzihesabu, kuzing'oa kwa tripsini na kuzigawa. Kuvu waliniingilia mara mbili, na mara zote mbili kosa lilikuwa langu, kuzungumza huku mfuniko uko wazi. Serumu ya ndama, ambayo ni sehemu moja katika kumi ya chakula chao, chupa ya nusu lita ilizidi ada yangu ya mwaka mzima, na sisi wanafunzi watatu tuliitumia kwa zamu. Sahani ikiharibika, unamwaga kile ambacho mwenzako angetumia. Jambo jingine nililoambiwa mapema, na nashukuru nililisikia: omba seli zipimwe mikoplazma kabla hujaanza. Bakteria huyo hana ukuta wa seli, kwa hiyo penisilini tunayoiweka kwenye chakula haimgusi, na hata chini ya hadubini ya kawaida humwoni. Seli zitakaa zinaonekana nzima huku majibu yako yote yanapinda.

Halafu nikaitengeneza kalsiamu.

Nilichukua kloraidi ya kalsiamu, nikaitakasa kwa joto, nikaiyeyusha kwenye PBS, yale maji ya chumvi yenye fosfati tunayooshea seli kila siku. Kwa nini PBS? Kwa sababu ilikuwa mezani, ilikuwa safi, na karibu kila kitu kinachogusa seli nilikiona kikiyeyushwa humo. Chupa ikawa na ukungu mwembamba, kama maji ya kwanza ya kuoshea mchele. Nikadhani haijayeyuka vizuri, nikaiweka kwenye maji ya nyuzi 37. Ukungu ukaongezeka. Ningekuwa na kichujio kingezinasa punje zile na kunistua, lakini vichujio vilikuwa vimeisha tangu Krismasi. Nikaitikisa chupa, nikaipima kwa pipeti, nikaitia kwenye visima vitatu vya chini. Kwenye daftari nikaandika: "Kalsiamu imeongezwa." Sikuandika kwamba ilikuwa na ukungu. Hilo la kutoandika linaniuma kuliko hilo la kutumia PBS, maana la PBS lilikuwa ujinga, lakini ukungu niliuona kwa macho yangu mawili.

Siku ya tano nikazishikiza seli kwenye sahani kwa kemikali, nikazimwagia rangi ya alizarini. Alizarini huikamata kalsiamu na kuwa nyekundu. Visima vya juu vikafifia, vya chini vikakolea. Hapo ndipo nilipopiga picha.

Nilikuwa nimeshasoma, na kwenye pendekezo langu mwenyewe nimeandika, kwamba seli hizi zinahitaji wiki mbili hadi tatu kuweka madini ya kuonekana. Zangu zilikuwa nyekundu siku ya tano, tena zikiwa zimezeeshwa. Mtu anayetafuta ukweli angesimama hapo. Mimi nilikuwa natafuta habari njema ya kumpelekea bibi, nikaipata.

Nyumbani ile picha ilisambaa. Ukoo wetu umetapakaa, wengine wako Shangani, wengine Masasi, mmoja yuko Nachingwea, na wote walijibu kwa mikono iliyokunjuliwa dua. Kufikia Machi shangazi alikuwa ameshapata mtu wa kumuuzia kopo la vidonge vya madini: kalsiamu, magnesiamu na zinki kwa pamoja, shilingi 38,000. Alinipigia simu kunishukuru. "Mwanangu, bila wewe tusingejua." Nilijisikia mkubwa. Nilimwambia kumeza na chakula ni vizuri zaidi, kama vile nilikuwa na cheti cha kumwambia hivyo.

Mwishoni mwa Machi zamu yangu ya kuwasilisha kwenye kikao cha maabara ilifika. Nikaonyesha sahani ile ukutani, kubwa. Wenzangu walinyamaza kwa namna ambayo niliifasiri kuwa ni mshangao. Aliyezungumza alikuwa mtaalamu wetu wa maabara, mzee ambaye hana shahada ya pili lakini ana miaka mingi ya kusimama mbele ya lile kabati la hewa safi kuliko sote. Akauliza taratibu: "Binti, hiyo sahani ingekuwaje kama msingekuwa na seli ndani?"

Sikuwa na jibu. Tukaondoka kikaoni moja kwa moja, mimi na yeye, tukachukua sahani mpya isiyo na seli hata moja, tukaweka chakula, tukaweka kalsiamu yangu ya kwenye chupa ile ile, tukasubiri, tukamwagia alizarini. Ikawa nyekundu. Ilikuwa nyekundu kuliko yangu.

Alinieleza akiwa anaosha mikono. Kalsiamu na fosfati zikikutana kwa wingi hushikana na kuwa punje zisizoyeyuka. Kadiri unavyozipasha moto ndivyo zinavyozidi kushikana, tofauti na sukari kwenye chai. Punje zile zilizama, zikalala juu ya seli, na alizarini haina macho ya kujua kalsiamu hii imewekwa na seli au imeanguka yenyewe. Chakula cha seli tayari kina kalsiamu yake, milimoli 1.8 kwa lita, na fosfati yake pia. Kwa hiyo hata ukiyeyusha kwa maji safi, ambayo ndiyo sahihi, bado ukizidisha utaipata ile mvua ya punje. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema, "Hukuniuliza uyeyushe kwa kitu gani."

Usiku ule sikulala. Wiki nane zilikuwa zimekwenda, na robo ya chupa ya serumu pamoja nazo. Lakini nawaambia kweli, kilichonikosesha usingizi ni lile kundi la WhatsApp. Niliandika ujumbe mara tatu, nikaufuta mara tatu. Nikajipa sababu: vidonge havina madhara, bibi ana moyo kwa sababu yake, nikipata majibu mapya nitawaambia yote kwa pamoja. Mwezi mzima nilikaa kimya. Hilo ndilo kosa ambalo hakuna mtaalamu wa maabara angeweza kunikamatia.

Dokta hakunigombeza. Alibadilisha swali. Tuachane na kalsiamu, akasema, kwa sababu ndani ya muda uliobaki huwezi kuitofautisha mvua na mfupa bila vipimo tusivyo navyo. Tuchukue magnesiamu, ambayo zaidi ya nusu ya ile iliyo mwilini hukaa mifupani, na tuulize jambo dogo zaidi: je, inapunguza idadi ya seli zinazozeeka? Nikajifunza kwamba swali dogo lina heshima yake. Mara hii nikaandika orodha ya ulinganisho kabla ya kugusa pipeti: visima visivyo na seli, visima vyenye seli changa, visima vyenye seli zilizozeeshwa bila magnesiamu ya ziada. Na kwa kuwa nilitumia kloraidi ya magnesiamu, nikaweka na visima vilivyopewa kloraidi nyingine kwa kiasi kile kile, ili kama kuna mabadiliko nijue yameletwa na magnesiamu na si na mwenzake aliyekuja naye. Kila sahani ikawa na namba ya mara ambazo seli zimegawanywa, kwa kalamu isiyofutika, maana seli zilizogawanywa mara nyingi zinachoka zenyewe, na ukilinganisha zilizochoka na zisizochoka utaipa sifa dawa isiyohusika.

Kuzizeesha tulitumia haidrojeni peroksaidi, jamii ya ile ya duka la dawa ya kusafishia vidonda, ikiwa imezimuliwa mno. Saa mbili tu, unaiosha, halafu unasubiri siku kadhaa. Usitumie chupa iliyokaa wazi au kwenye mwanga, nguvu yake hupotea na wewe hutajua. Seli iliyozeeka haifi. Inatanuka, inakuwa bapa kama chapati, inaacha kugawanyika. Mwaka 1995 watafiti walionyesha kwamba ndani yake kimeng'enya cha beta-galaktosidasi hufanya kazi hata kwenye pH 6.0 (pH ni kipimo cha asidi), na ukiipa kemikali fulani, seli hiyo inageuka buluu. Unahesabu za buluu, unahesabu zote, unapata sehemu yake.

Mara ya kwanza zilikuwa buluu zote. Changa, zee, zenye magnesiamu, zisizo nayo. Safari hii sikupiga picha ya kumtumia mtu. Nikaenda kwa mzee wa maabara na daftari, nikamsomea hatua moja baada ya nyingine mpaka nilipofika: "Nikaiweka kwenye inkubeta usiku kucha." Akaninyooshea kidole. Inkubeta ya kuoteshea seli ina asilimia 5 ya kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo inaifanya rangi kuwa na asidi zaidi, na kwenye asidi kali kila seli, hata changa, ina kimeng'enya cha kuigeuza buluu. Rangi ile hulazwa kwenye joto la nyuzi 37 lakini nje ya gesi, kwenye kabati la kawaida la joto, mfuniko ukiwa umezibwa isikauke. Hata seli zikisongamana sana kisimani zinaweza kudanganya kwa buluu, kwa hiyo panda chache kuliko unavyotamani.

Idd ilinikuta pale. Tarehe 10 Aprili, chuo kitupu, mimi na seli zangu ambazo hazijui sikukuu. Nilikula tambi za wenzangu nikiwa nimesimama korido. Jioni nikapiga simu nyumbani, bibi akaipokea kwa sauti ndogo. "Mke mwenzangu," ndivyo anavyoniita, "nakojoa kwa maumivu. Lakini vidonge vyako nameza, sijaacha hata siku moja."

Vidonge vyako.

Wiki mbili baadaye shangazi akasema homa imerudi mara ya pili licha ya dawa. Nilikuwa nimemaliza jaribio la kwanza lililokaa sawa, picha 120 zikiwa kwenye kompyuta. Nikamwachia mwenzangu seli, nikachukua bumu lililobaki, ile fedha yetu ya kujikimu, nikakata tiketi ya basi la alfajiri. Dar mpaka Mtwara ni zaidi ya kilomita 550. Daraja la Mkapa, Nangurukuru, Mingoyo, na njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya sentensi ya kwanza.

Sikuihitaji. Nilipoingia wodini mfamasia alikuwa kitandani kwa bibi na faili lake, anauliza: "Mbali na hizi, bibi anameza nini kingine nyumbani?" Shangazi akatoa kopo mkobani kwa fahari. "Vya madini. Huyu mtoto wetu anavifanyia utafiti."

Mfamasia akasoma lebo, akanitazama, bila ukali. Dawa aliyopewa bibi ya maambukizi ya njia ya mkojo ilikuwa siprofloksasini. Kalsiamu, magnesiamu na zinki zikikutana nayo tumboni huishika, na dawa iliyoshikwa haiingii vizuri kwenye damu. Siprofloksasini humezwa angalau saa mbili kabla ya vidonge vya madini au saa sita baada yake. Bibi alikuwa akimeza vyote pamoja, asubuhi na jioni, na chai ya maziwa, kwa sababu mimi ndiye niliyesema vimezwe na chakula.

Niliona chupa yangu ya ukungu. Mle ndani ya bibi kalsiamu ilikuwa imefanya kile kile ilichofanya mezani kwangu, imeshika kilichokuwa jirani.

Nikawaambia yote pale pale, mfamasia akiwepo. Kwamba ile picha nyekundu haikuwa mfupa. Kwamba nililijua hilo tangu Machi. Kwamba hata ingekuwa kweli, zile ni seli za panya kwenye plastiki, hazina tumbo, hazina figo, hazina bibi. Shangazi alikaa kimya, kisha akasema, "Makopo matatu." Shilingi 114,000. Kwa mtu anayenunua samaki kwa mnada alfajiri na kuwauza wamekaangwa jioni, hiyo ni fedha ya kununulia mzigo. Nilimlipa kidogo kidogo hadi Agosti, naye alizipokea, na nashukuru alizipokea, maana angekataa ningebaki na deni lisilo na mwisho. Bibi alibadilishiwa dawa, vidonge vya madini vikasimamishwa, na siku ya nne homa ikashuka.

Sisemi kalsiamu ni mbaya. Daktari alipomwandikia baadaye alimwandikia kwa kipimo na kwa saa zake, akahesabu na chakula: mwanamke wa umri wake anahitaji kama miligramu 1,200 kwa siku, jumla ya sahani na kidonge, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao wanachangia sehemu nzuri ya hiyo. Bibi alifurahi kusikia dagaa wametajwa hospitalini.

Nilipanga kurudi Dar wikiendi ile. Tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kikatua pwani, mvua ikashuka kama mtu amepasua tangi, na barabara ya kusini ikakatika maeneo ya Somanga. Mabasi yakasimama. Ndege sikuwa na fedha yake. Nilimpigia mwenzangu simu kila jioni kumuuliza seli, na kila jioni alinijibu "zimekula". Kama unafanya kazi ya seli, tafuta mtu wa namna hiyo mapema, na wewe uwe mtu wa namna hiyo kwake. Daftari langu lilikuwa limeandikwa vizuri kufikia wakati huo, kwa hiyo aliweza kulifuata.

Nikiwa nimekwama Mikindani nikahesabu. Hapo mdogo wangu akanifaa kuliko kitabu chochote. Kwanza nilimwomba azipe picha zote namba za kubahatisha na afiche orodha, ili nisijue ninayoitazama ni ya kundi gani. Akaandika orodha kwenye karatasi, akaikunja, akaiweka kwenye pochi ya mama. Pili, nilikuwa nakwama kwenye seli za buluu hafifu, zile ambazo leo unasema ndiyo na kesho unasema hapana. Yeye kila msimu anachambua korosho ghalani, daraja la kwanza huku, daraja la pili kule. Akachungulia kioo akasema, "Dada, sisi mfano wa daraja tunauweka mezani kabla gunia halijafunguliwa. Ukianza kuamua gunia likiwa wazi, utaamua kwa kumwangalia mwenye gunia." Tukachagua picha tano za mifano, tukaandika ipi ni buluu na ipi si buluu, ndipo nikaanza. Umeme ulikuwa unakatika na kurudi. Bibi alikuwa kitandani jirani na dirisha, akiniuliza nimefika ngapi.

Niliporudi nikarudia jaribio lote mara mbili zaidi, kwa seli zilizoyeyushwa upya kila mara, kwa sababu visima vitatu kwenye sahani moja ni jaribio moja lililopimwa mara tatu. Majaribio yaliyosimama kivyake ni yale ya siku tofauti na seli tofauti. Hili wanafunzi wengi hulichanganya na wasahihishaji hulikamata.

Jibu: kwa viwango vya magnesiamu nilivyotumia, sikuona upungufu wa seli za buluu ninaoweza kuutetea. Tofauti kati ya makundi ilikuwa ndogo kuliko tofauti ya visima vya kundi moja. Nililia kidogo, chooni, halafu nikaandika hivyo hivyo. Kwenye utetezi wa Julai mmoja wa wasahihishaji alifungua ripoti, akapitiliza majibu, akauliza: "Visima visivyo na seli viko ukurasa gani?" Nikamwonyesha. Alikaa kwenye ukurasa huo muda mrefu kuliko mwingine wowote. Ile picha nyekundu nayo nimeiweka humo, kwenye kiambatisho, na maelezo ya chupa ya ukungu.

Kwenye kundi la ukoo niliandika ujumbe mrefu. Watu wawili tu walijibu. Habari ya kurekebisha haisambai kama ya kwanza, kwa hiyo ilibidi nipige simu moja moja, Masasi, Nachingwea, mpaka kwa mama mmoja ambaye hata simjui aliyekuwa ameanza vidonge kwa kutumiwa ile picha.

Bibi sasa anatembea kwa mkongojo, hatua za kutoka kitandani hadi barazani. Nilipomwonyesha seli za buluu aliziangalia sana. "Hawa nao ni wazee?" Nikamwambia ndiyo. "Na hawajafa?" Hawajafa, bibi, wamepumzika tu kugawanyika. Akacheka, akaomba nimkuzie picha.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Newala, yuko mwaka wa tatu, alipata namba yangu. Anataka kufanya kalsiamu na osteoblasti, bibi yake naye kavunjika mkono. Nikamuuliza kalsiamu yake ataiyeyusha kwa kitu gani.

"Kwa PBS, dada. Si ndiyo tunayotumia kila siku?"

Nikamwambia asikate simu, nikachukue daftari.